Johnny Craig na mauaji nadhifu

Wapenzi wa katuni za kale za kutisha wakitajiwa kampuni ya EC ya Marekani, wengi hukimbilia kumsifu Graham Ingels, aliyetia saini kazi zake kwa jina la "Ghastly" na ambaye maiti zake zilioza na kuchuruzika karibu kila ukurasa. Mimi siku zote nimekuwa upande wa Johnny Craig, na mkusanyo wa hadithi zake uliotolewa na kampuni ya uchapishaji ya Fantagraphics, katika mfululizo wa wachoraji wa EC ulioanza mwaka 2012, umenipa nafasi ya kueleza kwa nini. Craig alikuwa nadhifu kuliko wenzake wote, na ni unadhifu huohuo unaotisha.

Kampuni yenyewe ilianzishwa na Max Gaines mwaka 1944 kwa nia njema kabisa: kuchapisha katuni za elimu, zikiwemo hadithi za Biblia. Alipofariki katika ajali ya boti mwaka 1947, mwanawe William alirithi biashara ambayo hakuwa na hamu nayo, na ilipofika mwaka 1950, yeye na mhariri wake Al Feldstein walikuwa wameigeuza kuwa kiwanda cha vitisho na uhalifu. Majarida yao, yaliyouzwa senti 10, yalibeba majina kama The Vault of Horror na Crime SuspenStories, na haya mawili ndiyo yaliyokuwa uwanja wa Craig.

Utaratibu wa kazi pale EC unastahili kuelezwa, kwa maana bila kuujua huwezi kuona alichokuwa nacho Craig na ambacho wengi hawakuwa nacho. Feldstein aliandika hadithi moja kwa moja juu ya karatasi za kuchorea, mistari ya fremu ikachorwa, na maneno yakaandikwa kwa kifaa cha kunakshia herufi kinachozifanya zilingane kama za chapa, ndipo karatasi hizo zikakabidhiwa mchoraji. Basi mchoraji alikuta maneno yamekwisha kukaa, mara nyingine yakimeza nusu ya fremu, akajibana katika nafasi iliyosalia. Craig alijiandikia hadithi zake mwenyewe, jambo lililokuwa nadra pale. Aliweza kuamua ni wapi maelezo yanyamaze na uso wa mtu useme, na ukisoma mkusanyo huu kwa mfuatano unaona jinsi alivyoitumia fursa hiyo: fremu tatu za mwanamke yuleyule akisikiliza, macho yakihama kidogo tu kutoka fremu hadi fremu, na msomaji anajua kwamba ameshaamua kuua.

Mfano bora ni hadithi ya "And All Through the House", iliyotoka mwaka 1954. Ni mkesha wa Krismasi. Mwanamke amemuua mumewe ndani ya nyumba, na kabla hajamaliza kuficha ushahidi anapata habari kwamba mwendawazimu muuaji ametoroka na anazurura akiwa amevaa mavazi ya Baba Krismasi. Mtu huyo anafika hadi nje ya nyumba yake. Mwanamke hawezi kuwaita polisi, kwa sababu wakija watamkuta mumewe sakafuni. Hadithi nzima ni mama huyo akizunguka kufunga madirisha na milango, huku Craig akimchora kwa mistari safi ya brashi, nywele zikiwa zimetengenezwa vizuri, samani zikiwa mahali pake, theluji ikiwa nyeupe dirishani. Hakuna pango wala kaburi. Mwisho wake unamtegemea mtoto mdogo aliyekuwa akimngoja Baba Krismasi kwa furaha, nami sitasema zaidi, ingawa waliotazama filamu ya mwaka 1972 iliyoitumia hadithi hii wameshajua.

Hadithi za uhalifu ndizo ninazozipenda zaidi, na nadhani ndizo alizozipenda yeye pia. Humo wamejaa waume waliovaa suti, wake waliochoshwa na ndoa, wapenzi wa siri na mipango iliyopigiwa hesabu hadi dakika ya mwisho kabla ya kuharibika. Craig aliwachora watu hawa wakiwa wazuri wa sura, kama waliotoka katika tangazo la sigara, na hakuwaadhibu kwa kuwapa nyuso mbaya. Unapogeuza ukurasa na kukuta mmoja wao ameshika shoka, hakuna kilichobadilika usoni mwake isipokuwa jasho.

Kwa hiyo nashangazwa kila mara na ukweli kwamba huyu ndiye aliyechora jalada lililoiponza kampuni. Toleo la 22 la Crime SuspenStories linamwonyesha mwanamume mwenye shoka akiwa ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Aprili 1954, katika kikao cha kamati ndogo ya Seneti kilichofanyika New York kuchunguza uhalifu wa vijana, Seneta Estes Kefauver aliliinua jalada hilo na kumuuliza William Gaines kama analiona kuwa na staha. Gaines akajibu kwamba ndiyo, kwa jalada la katuni za kutisha, akaongeza kwamba lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi hadi shingo ikaonekana ikidondosha damu. Alikuwa amefika kwa hiari yake kuitetea biashara yake, na jibu hilo likamfunga. Kabla ya mwaka kwisha wachapishaji waliunda Comics Code Authority, chombo chao wenyewe cha kukagua katuni, kilichopiga marufuku hata maneno ya "horror" na "terror" katika majina ya majarida, na Gaines akafunga majarida yake ya vitisho na uhalifu.

Mkusanyo umechapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na hapa wakusanyaji hubishana. Rangi za awali zilikuwa kazi ya Marie Severin, ambaye aliweza kuifunika fremu nzima kwa rangi moja na kuipa baridi ambayo wino peke yake hauna. Hilo limepotea, na ni hasara. Hata hivyo, kwa Craig naichagua nyeusi na nyeupe bila kusita. Uchapaji wa enzi zile ulikuwa hafifu, na mistari yake myembamba ya kivuli kwenye mashavu na mikunjo ya nguo ilizama katika karatasi duni. Sasa inaonekana yote. Hasara ninayoiona kubwa zaidi ni ya mpangilio: katika jarida, hadithi moja ya Craig ilikaa kati ya tatu za wachoraji wengine, na utulivu wake ulijitokeza. Ukizisoma kumi kwa mkupuo, unaanza kuuona mtego kabla mhusika hajauingia. Ni heri kusoma moja, kufunga kitabu na kurudi siku nyingine.

Craig alikuwa mtu wa kuchora polepole, na mwendo huo haukumsaidia baada ya EC. Alihamia katika matangazo ya biashara, akarudi miaka ya 1960 kuchorea majarida ya katuni za kutisha ya kampuni ya Warren, baadhi ya kazi akiziweka chini ya jina la Jay Taycee, na kwa muda akachora Iron Man wa Marvel, ambako kila mwezi ulikuwa na tarehe yake ya mwisho isiyongoja mtu. Kazi za Warren zina wino uliochanganywa na maji, vivuli vya kijivu laini, na Craig mwenye mkono mzito kidogo kuliko yule wa mwaka 1953. Mtu angezikusanya hizo nazo katika juzuu moja, ningeinunua siku ya kwanza.