Siku nilipomwambia Kapteni wangu "goaraundi"

Kapteni niliyekuwa napangwa nae sana kipindi hicho alikuwa na umri wa baba yangu, na masaa ya kuruka ambayo mimi sitayafikia leo wala kesho. Asubuhi nikimkuta ofisini nampa shikamoo yake, ananiitikia marahaba mwanangu, nusu saa baadae tumekaa bega kwa bega kwenye kokpiti na mimi rubani msaidizi ndio natakiwa nimwambie mzee hapo umekosea. Aliyelelewa huku kwetu anajua hayo maneno yalivyo mazito mdomoni.

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkarimu sana tu, ila kazi alishaizoea kupita kiasi. Brifingi yake, yaani yale maelezo ya safari tunayopeana kabla, ilikuwa maneno mawili, "kama kawaida". Chekilisti nikimsomea anaitikia kabla sijamaliza mstari, macho yako kwenye simu. Chini ya futi 10,000, pale ambapo haturuhusiwi kuongea chochote kisichohusu safari, yeye ndio anaanza stori za viwanja vyake vya Kigamboni mpaka tunagusa ranwei.

Siku moja tunashuka, kontrola, yule muongoza ndege wa chini, akatupa futi 11,000, nikamjibu redioni 11,000, kuangalia alichoweka Kapteni naona 13,000. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "eti Kapteni, si wamesema kumi na moja?" Akarekebisha bila hata kuniangalia. Usiku ule sikulala, maana nilikuwa na uhakika asilimia mia halafu nikauliza kama mtu anayebahatisha. Darasani tulisomeshwa ile DC-8 iliyoishiwa mafuta angani karibu na Portland kule Marekani, Desemba 1978, watu 10 wakafa. Kapteni akili yote ilikuwa kwenye magurudumu, wenzake wanaona mafuta yanaisha wakawa wanagusiagusia tu, hakuna aliyemwambia wazi tunaanguka. Na mimi na "eti" yangu nilikuwa nafanya kitu kilekile.

Nikaanza kubadilika mimi kwanza. Niliacha kusema "Kapteni naona kama tunaenda kasi", nikawa nataja namba: spidi, juu noti 15 (noti ndio kipimo chetu cha kasi). Namba haimvunjii mtu heshima na haihitaji kuombewa radhi. Na kila kinachobadilika kwenye paneli nikawa nakitamka kwa sauti hata kama hajauliza, maana ile 737 iliyoanguka Douala Mei 2007 na watu 114, Kapteni aliita autopaileti, ule mtambo wa kuirusha ndege yenyewe, hakuna aliyemjibu, na autopaileti haikuwashwa, ndege ikalala upande usiku wala hawakujua.

Halafu nikamfuata chini, siyo angani, tumekaa tunakunywa chai. Nikamwambia mzee naomba unisaidie, wewe ukiruka mstari kwenye chekilisti unajua ulipo, mimi sijafika huko, nabaki sijui tumefika wapi. Akanyamaza muda mrefu. "Unataka kunifundisha kazi?" Nikamwambia hapana mzee, nataka nikifuate unachofanya. Akabadilisha mada. Siku mbili tatu akawa anasubiri nimalize mstari, kisha akarudi kulekule.

Sasa ile siku ya Mwanza, mchana, upepo unatoka ziwani, tumechelewa na yeye ndio anarusha. Tulikuwa juu sana na kasi sana. Futi 1,000 nikasema spidi juu noti 30, flapsi bado, zile bapa za mbawa tunazoshusha ili kutua. Akasema "inakaa hiyo". Haikukaa. Futi 500 ndio mwisho kabisa, kama ndege haijatulia hapo hatutui, nikasema hatujatulia, goaraundi, yaani tusitue, tupande tuzunguke tuje upya. Kimya. Nikarudia kwa nguvu, "Kapteni, goaraundi!" na mkono wangu ukiwa tayari kwenye usukani, maana taratibu zetu zinasema nikiita mara mbili hajajibu naichukua ndege. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Akasukuma pawa, tukapanda, tukazunguka juu ya ziwa na yale mawe, tukarudi tukatua vizuri. Abiria nadhani hata hawakuelewa.

Baada ya kuzima injini nilimwambia Kapteni naandika ripoti ya usalama, na nitakuonyesha kabla sijaituma. Nikaandika urefu, spidi, flapsi, nilichosema na alichofanya. Neno mzembe sikuliweka, japo lilikuwepo kooni. Akaisoma yote, akaniuliza tu "kweli uliita mara mbili?" Nikasema ndiyo. La kwanza hakulisikia kabisa, na hilo ndilo lilimtisha kuliko ripoti yenyewe, nililiona usoni.

Wiki mbili zilizofuata marahaba yake ilikuwa fupi, mwanangu hamna. Iliniuma, siwezi kudanganya. Ila jioni ileile kurudi Dar, kabla hatujawasha injini, alichukua kadi akatoa brifingi nzima mstari kwa mstari kwa sauti ya mtu aliyekasirika, mpaka kwenye goaraundi, na mimi nikamjibu kila mstari.