Siku mbili na nusu: jinsi nilivyoichagua Kasenga

Fimbo ile ya kuvulia samaki niliachiwa na fundi mmoja wa Afrika Kusini aliyemaliza mkataba wake mgodini. Ilikaa nyuma ya kabati miaka miwili, maana hapa Lubumbashi, Kongo, ukisema unavua samaki kwa manyoya watakucheka hadi jioni. Uvuvi huu hauna risasi ya kuzamishia kamba wala mnyoo. Uzito uko kwenye kamba yenyewe, nene, iliyovikwa plastiki; ndoano imefungwa manyoya tu, nyepesi kama mdudu. Unarusha kamba, ndoano inafuata. Nilijifunzia uani, kuku wakikimbia huku na huku.

Halafu nikapata ruhusa kazini: Ijumaa mchana hadi Jumapili. Nikabaki na swali la niende kuvua wapi.

Marafiki wote walisema Lofoi, kule Kundelungu, maji yanakoanguka zaidi ya mita 300. Hata mimi moyo ulienda huko. Lakini nilichukua karatasi nikahesabu: saa za njia ya vumbi, saa za kuandikishwa kwenye hifadhi, saa za kutembea, za kulala, za kurudi. Zilizobaki za kuvua zilikuwa nne, na hakuna aliyeweza kuniambia nitavua samaki gani. Nikafuta.

Tshangalele ingekuwa rahisi: lami hadi Likasi, kisha unakata kuelekea Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme lililozaa ziwa lile. Ila maji yake hayana kina, nyavu ni nyingi, na maji ya viwanda vya shaba vya Likasi yanateremkia huko. Tilapia wapo, lakini tilapia anatafuna vitu vya majani na matope. Manyoya yangu angeyatazama tu. Kuvuka mpaka wa Kasumbalesa niende Zambia sikukuwaza hata dakika tano. Foleni ile ya malori ingenimalizia Ijumaa yote.

Jibu nililipata kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwa mama mmoja muuza samaki. Nilimfunua samaki matamvua yake, mekundu kama nyanya.

"Mama, hawa wametoka wapi?"

"Kasenga, baba. Wamefika usiku. Kama mvua haijaanguka, njia haina matata."

Pale nikaelewa kitu ambacho karatasi yangu haikuniambia: samaki akifika mbichi, nami nitafika. Na katikati ya tilapia alilala mmoja mwembamba, mistari myeusi kutoka kichwa hadi mkia, mapezi yenye wekundu, meno yakitokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Manda. "Huyu anatukatia nyavu," mama akasema kwa chuki kabisa. Mimi nilikuwa nimeshampenda. Samaki anayekula samaki wenzake ndiye anayefukuza manyoya.

Mama alinipa namba ya mpwa wake mwenye mtumbwi. Ulikuwa mwezi wa tano, nikataka kwenda wiki ileile.

"Usije sasa, yaya," akanijibu, yaani kaka. "Maji yangali kwenye majani."

Luapula, mto unaopita Kasenga, inatoka ziwa Bangweulu kule Zambia, na vinamasi vya kule vinashika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Huku kwetu mvua inakatika mwezi wa nne, lakini mto bado umefurika na samaki wametawanyika kwenye nyasi. Mwezi wa sita na wa saba maji ni baridi, manda anakuwa mzito kusogea. Tukakubaliana mwisho wa mwezi wa tisa. Kuchelewa zaidi sikutaka: mvua zingeanza, na ng'ambo, upande wa Zambia, uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa 12 hadi mwisho wa mwezi wa pili. Mto wenyewe ndio mpaka. Sikutaka mkondo unipeleke kwa polisi wa watu nikaanze kueleza habari za manyoya.

Miezi ile ya kungoja nilifunga ndoano zangu: nywele za mkia wa mbuzi, na macho mawili ya vitufe vya mnyororo wa kizibo cha lavabo, beseni la kunawia, ili ndoano izame kidogo. Mke wangu bado anautafuta mnyororo huo.

Kasenga ni zaidi ya kilomita 200. Tulifika usiku, na alfajiri ya Jumamosi tulikuwa majini, mbali na kingo kwa sababu ya mamba. Mrusho wa saba au wa nane kamba ilishtuka mkononi, halafu ikalegea. Nilivuta nikaona nailoni imekatwa safi, kama kwa wembe. Mara ya pili vilevile. Mpwa wa mama alinitazama, akachomoa kebo ya breki kwenye baiskeli mbovu iliyokuwa ndani ya mtumbwi, akaifumua uzi mmoja mmoja. Nikafunga uzi wa chuma wa urefu wa kiganja mbele ya ndoano.

Hata hivyo wawili walichomoka, maana mdomo wa manda ni mfupa mtupu na mimi nilikuwa nainua fimbo kwa furaha. Ilinipasa kuishusha na kuvuta kamba kwa mkono, kavu, kama unavuta mlango uliokwama. Wa tano alishika. Aliruka mara tatu akitikisa kichwa, na nilipomfikisha mtumbwini alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

Fundi wa Afrika Kusini aliniambia kila mara kwamba samaki wa namna hii hurudishwa majini. Niliinama nimwachie. Mpwa wa mama alinishika mkono.

"Yaya, huyu ndiye mafuta ya mashini, yaani ya tumbo."

Tulimla saa sita, kwa bukari, yaani ugali, tukitema miiba mtoni.