Kufuli la Namba Tisa: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na moja alfajiri. Chai ya rangi, ugali wa jana, kisha matatu hadi mjini.

Nikisema nafanya kazi na familia za mitaani hapa Nairobi, watu hudhani nagawa mablanketi. Sigawi. Kazi yangu huanza baada ya mtu kutoka barabarani na kupangishiwa chumba. Mimi ndiye ninayehakikisha mwezi wa pili unamkuta bado ndani, na wa tatu, na wa kumi. Sensa ya 2018 ya watu wa mitaani ilihesabu 46,639 nchini, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Kila mgeni wa ofisini huniuliza tumetoa wangapi. Sijaulizwa hata siku moja ni wangapi hawajarudi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kwenye besi moja, mahali watu wa mitaani hulala pamoja, karibu na mzunguko wa Globe mjini, nikitafuta watu wangu waliorudi usiku. Nilimpata mmoja. Ana chumba mtaa wa Mlango Kubwa, kodi imelipwa, na bado alikuwa juu ya katoni, viatu miguuni.

"Anti, kule kuna kimya sana."

Sikumgombeza. Amelala miaka mingi katikati ya wenzake, mmoja akikesha kwa niaba ya wote. Ukimfungia peke yake ndani ya mabati, anasikia kila panya. Wiki iliyopita alirudi besi usiku nne, wiki hii mbili. Nikamwambia nitampitia jioni tule pamoja.

Saa mbili, kukusanya akiba. Anayeokota plastiki na skrepa hulipwa kwa kilo, siku hiyo hiyo, lakini kodi huja kwa mwezi. Wengi wa watu wangu hupoteza nyumba hapo katikati, wala si kwa uvivu. Kwa hiyo natembea na daftari: shilingi 100 kila siku ya kazi, siku 25, inakuwa 2,500.

Saa tatu, foleni ya vyeti vya kuzaliwa. Sikuitwa. Niliondoka.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia, na siku yangu ikaishia hapo. Mama mmoja wa watoto wawili, miezi kumi na moja sasa tangu aingie kwenye chumba huko Huruma. Kwenye ploti wanamwita Namba Tisa, kwa namba ya mlango wake. Alikuwa ametoka na watoto alfajiri kwenda kupima plastiki, akarudi kumvisha mkubwa yunifomu ya shule, akakuta kufuli juu ya kufuli lake.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mdogo mapajani. Deni lilikuwa shilingi 800. Pesa zilienda kwa dawa, kifua cha huyo mdogo.

Keateka, msimamizi wa ploti, alikuwa anafua. "Madam, mimi natumwa tu. Aliyesema kufuli ni mwenye ploti."

"Mpigie."

"Yuko mteja." Yaani simu yake haipatikani.

Nikamtajia Sura ya 296, sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba: nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, mpangaji hatolewi bila amri ya baraza la kodi. Naijua kwa moyo, na naisema vizuri. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza tangazo la mazishi ya asiyemjua.

"Madam, hiyo sheria iko na ufunguo?"

Tukangoja. Mvua ikaja, tukahamia chini ya ngazi. Saa sita, saa saba, bado mteja. Mtoto mkubwa aliacha kuuliza kuhusu shule, akaanza kuuliza kuhusu chakula. Nilinunua mandazi.

Ndipo jirani, Namba Nane, akatoka kumwaga maji, na akamwaga na mengine. Kwamba shida si 800. Kwamba usiku mvua ikinyesha watu wa besi hujaa humo ndani, watano, sita, harufu ya gundi wanayonusa inapita hadi kwake, choo hakiingiliki asubuhi, na yeye pia ana watoto.

Nilitaka kumjibu. Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

"Mama, ni kweli?" nikamuuliza wangu.

"Ni kweli. Lakini hao ndio walinishikia mtoto siku nilijifungua. Wakigonga na mvua hii, nitasema niko mteja?"

Mafunzo niliyopewa hayana ukurasa wa swali hilo. Tulikaa watatu, Namba Nane naye akavuta jerikeni akakalia, tukapatana: mgeni aje kula, saa tatu usiku atoke, na gundi ibaki nje ya lango. Kwenda kuwaambia besi ni mimi. Kila kitu kigumu ni mimi.

Mwenye ploti alipatikana saa tisa kupita. Alitaka 800 yake na 200 ya usumbufu. Kuhusu hiyo 200 nilibishana naye mpaka salio likaisha, nikanunua lingine, nikaendelea. Akaiacha. Mama alikuwa na 300 za plastiki. Pesa za dharura za ofisi zinataka sahihi mbili na mwenye sahihi ya pili alikuwa mkutanoni, basi 500 ikatoka kwa M-Pesa yangu. Hairuhusiwi. Najua.

Kufuli likatoka. Mama akaingiza watoto, akafunga mlango, na sisi tuliobaki nje tukasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Dakika nzima. Kisha akafungua, akasema karibuni. Kabla sijaaga nilimkumbusha jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala, jambo ninalosema kila nyumba hadi natukanwa.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Magoti yalikuwa yanauma, ripoti haijaandikwa, na Mlango Kubwa kulikuwa na giza, stima imepotea. Nilikuwa na chapati tatu na maharagwe kwenye karatasi.

Alifungua mlango akicheka. "Anti, nimepata dawa ya kimya."

Nikamulika kwa simu. Sakafuni, nyuma yake, vijana wawili wa besi walikuwa wamelala fofofo, viatu miguuni.

Tukakata chapati.