Ambroise Paré: Mkono Kabla ya Kisu

Wengi wanaolijua jina la Ambroise Paré, mpasuaji Mfaransa wa karne ya 16, wanalijua kwa habari za vita, kwamba aliacha kumimina mafuta yanayochemka katika majeraha ya risasi na akafunga mishipa ya damu kwa uzi baada ya kukata kiungo. Kazi yake katika uzazi hutajwa kwa nadra, nami naona haina uzito mdogo kuliko hiyo.

Alizaliwa karibu na Laval, Ufaransa, mnamo 1510 hivi, akajifunza upasuaji kwa vinyozi, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo, kisha akahudumu katika hospitali ya Hôtel-Dieu jijini Paris. Kwa kuwa hakukijua Kilatini aliandika kwa Kifaransa. Wasomi walimbeza, lakini wapasuaji wa kawaida walimsoma.

Wakati ule, mtoto aliyekingama tumboni na kushindwa kutoka mara nyingi alivutwa kwa kulabu, vipande vipande, ili walau mama apone. Katika kijitabu kilichochapishwa karibu na mwaka 1550, Paré alieleza njia nyingine: mpasuaji aupake mkono wake mafuta, auingize katika mji wa mimba, amgeuze mtoto na kumtoa kwa miguu. Mguu wa kwanza ukipatikana ufungwe utepe usije ukapotea, kisha wa pili utafutwe kwa kuufuata mwili wenyewe, maana panapokuwa na mapacha ni rahisi kushika miguu ya watoto wawili tofauti. Maelekezo kama hayo hayaandikwi na mtu asiyeijua kazi. Njia yenyewe ilikuwa ya kale, kwani Soranus wa Ephesus, tabibu wa Kigiriki, aliieleza katika karne ya 2, na Paré alikiri kuwa aliwaona wapasuaji wenzake wakiitumia. Yeye aliifufua na kuieneza.

Kumpasua tumbo mama aliye hai ili kumtoa mtoto, Paré alikukataa. Mwaka 1581 François Rousset, tabibu ambaye hakuwahi kuufanya upasuaji huo kwa mikono yake, alitoa kitabu cha kuutetea, akidai kwamba mji wa mimba ukijikunja hujifunga wenyewe bila kushonwa. Hapo ndipo hoja yake ilipopwaya, kwa sababu jeraha lililoachwa wazi lilivuja damu na kuoza, na ushonaji wake haukuwa kanuni hadi baada ya Max Sänger, daktari Mjerumani, kuueleza mwaka 1882. Rousset aliona mbali, lakini mjamzito wa karne ya 16 angekuwa salama zaidi mikononi mwa Paré.

Jacques Guillemeau, mwanafunzi wa Paré, alishuhudia wanawake waliopasuliwa hivyo wakifa, akaikataa njia hiyo naye. Aliendeleza ile ya mwalimu wake hata kwa wajawazito waliotokwa na damu nyingi, akimgeuza mtoto na kumtoa upesi kabla damu haijammaliza mama. Mmoja wa aliowaokoa hivyo alikuwa binti wa Paré mwenyewe.