Kipupwe kwa mtu wa Ziwa Victoria: soma mstari wa upepo kwanza

Mwezi wa tano unapoelekea mwisho, macho yanahamia kwenye taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti. Kinachosambaa kwenye simu ni baridi tu. Picha inakuwa ya Makete: watu wamejitanda mablanketi, majani yamepigwa sakitu. Kwa wenzetu wa milimani hiyo ndiyo habari yenyewe. Uwanda wa Kitulo, hukohuko Makete, uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, Mwanza tuko kama mita 1,140, na hewa hupoa nyuzi sita na ushee kila ukipanda mita 1,000. Toa hesabu: Kitulo inatuzidi baridi kwa nyuzi kumi hivi. Tena sisi tumelala kando ya maji yenye nyuzi 24 au 25, ambayo hayawahi kupoa usiku mmoja. Julai asubuhi mjini ni nyuzi 15 hadi 17, sweta linatosha, saa nne umeshalivua.

Kwa hiyo mtu wa Ziwa ashuke chini kwenye taarifa hiyohiyo atafute maneno "upepo kutoka kusini mashariki". Humo ndimo ilimo habari ya bustani za ufukoni, dagaa, vizimba vya kufugia samaki na safari zote za miezi mitatu.

Upepo huo una tabia ya kudanganya hasa upande wetu wa kusini, kwa sababu unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukisimama ufukoni Mwanza, Kirumba au Igombe, asubuhi, maji yaliyo mbele yako yametulia. Utulivu huo umetengenezwa na vilima na mawe yaliyo nyuma yako. Wimbi linataka uwanja wa kukulia, na hapo ufukoni halijaupata. Kadiri unavyoelekea kaskazini, ukaviacha visiwa vya Ukerewe nyuma, upepo uleule umeshasukuma maji kilomita nyingi na wimbi limenenepa. Kuamua safari kwa kutazama maji ya mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, ni sawa na kupima mvua ukiwa chini ya mwembe. Na injini ikizima, Bukoba upepo huu unakurudisha ufukoni. Mwanza unakupeleka kaskazini magharibi, kwenye maji mapana.

Saa nazo zina mpangilio wake. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, hewa inashuka kuelekea majini, na huo upepo wa nchi kavu unaungana na upepo wa msimu kwa sababu vyote vinaelekea upande mmoja. Ndiyo maana mara nyingi kipande kibaya zaidi ni kati ya saa nane usiku na saa tatu asubuhi. Jua likipanda, upepo wa ziwa unaanza kuvuma kinyume chake, vinapingana, na mnamo saa tano unapata utulivu kidogo. Alasiri upepo wa ziwa unashinda na mji unapata hewa kutoka kaskazini magharibi.

Sasa weka hapo mtumbwi wa dagaa. Unaingia ziwani jioni, unafanya kazi na taa usiku kucha, unarudi alfajiri ukiwa umejaa, pua imeelekea kule upepo unakotoka, katika saa zake za ukali. Mafuta ya kurudi hayawezi kuwa sawa na ya kwenda. Gawa tanki mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba usiloligusa ila upepo ukilimaliza lile la kurudi. Fungu la kwanza likiisha kabla hujafika unakotaka, hapo ndipo mwisho wako, tega taa hapohapo. Mwenye kujaza "lita ileile ya mwezi wa tatu" ndiye anayeishia kuvutwa. Beba plagi ya akiba na spana yake, pini ya pangaboi, kasia mbili, ndoo ya kutolea maji mtumbwini, na laifu jaketi ziwe zimevaliwa. Jaketi lililokaliwa kama mto halijamwokoa mtu.

Kwenye tahadhari za TMA kuna namba mbili za kukariri: upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ngazi nazo ni tatu, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Watu wanadharau njano. Lakini njano ya meli ya abiria siyo njano ya mtumbwi wa mita 8. Kama huna kipimo, tumia macho: vilele vyeupe vikianza kuonekana hapa na pale upepo uko kama kilomita 15 kwa saa; vikitapakaa kila upande umeshavuka 20; matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukawa hauzuiliki, umefika 40. Kwa mtumbwi mdogo uliobeba mzigo, vilele vikitapakaa tu, inatosha kubaki. Siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi vizuri na taa, wengi hupumzika. Hizo ndizo siku za kuziba mitumbwi na kusafisha injini, si za kufidia kwa safari ya mbali.

Upande wa ukaushaji, kipupwe ni neema. Mvua ya Mwanza ya Julai nzima kwa kawaida haifiki milimita 20, hewa ni kavu na inatembea. Tofauti na Bukoba, ambako mvua huendelea kudondoka hata katikati ya kipupwe. Dagaa aliyemwagwa saa moja asubuhi kwenye kichanja cha wavu kilichoinuliwa kimo cha kiuno, tabaka moja, samaki asimlalie mwenzake, akigeuzwa mara mbili tatu, anaweza kuwa tayari jioni. Mchukue mmoja umkunje: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji tumboni. Kilo moja ya mkavu inakula kilo tatu na nusu hadi nne za mbichi, kwa hiyo ukiona gunia limekuwa zito kuliko hesabu, usifurahi. Umefunga maji humo.

Yanayomharibu dagaa ni mawili. Kwanza mchanga. Anayeanika chini, upepo wa alasiri unampakia changarawe bure, na mnunuzi akitafuna mmoja tu bei imeshuka. Pili umande. Mbingu ya kipupwe haina mawingu usiku, ardhi inapoa haraka, na alfajiri kila kitu kimelowa. Ambao hawajakauka waanuliwe kabla jua halijazama. Ila usiwafunike kwa turubai wakiwa bado na joto la jua: wanatoa jasho, turubai linarudisha matone, asubuhi unakuta harufu na ukungu mweupe. Waache wapoe nusu saa kivulini ndipo ufunike.

Kwenye vizimba ndiko kipupwe kinakoua kimyakimya. Kuanzia Septemba hadi Mei maji ya Ziwa hujipanga matabaka: ya juu yana joto na hewa, ya chini kabisa yana ubaridi na oksijeni kidogo au hayana kabisa, na hayachanganyiki. Upepo mkavu wa Juni unapoza uso wa maji kwa kuufanya utoe mvuke, maji ya juu yanakuwa mazito, yanazama, na ziwa lote linajikoroga kuanzia juu hadi chini. Kwa samaki wa porini mwishowe ni nafuu, kwa kuwa vina vyote vinapata hewa. Ndiyo sababu sangara hutawanyika kwenda chini na makila, yaani nyavu za sangara, yaliyotegwa juu mara nyingi huanza kupungukiwa. Lakini katika siku zenyewe za kukorogwa, maji mabovu ya chini hupita juu. Upande wetu kuna nyongeza: upepo unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na yanayokuja kujaza nafasi ufukoni mwa kusini yanatoka chini. Sato wa porini anaogelea akaondoka. Wa kizimba amefungiwa.

Dalili huonekana alfajiri: samaki wako juu, midomo wazi, hawakimbii kivuli chako. Maji yanaweza kugeuka rangi au kunuka kama yai bovu. Pima oksijeni saa kumi na moja alfajiri, maana hapo ndipo inakuwa chini kabisa. Kipimo cha saa sita mchana kinakufariji tu. Pima mita moja kutoka juu, kisha usawa wa kitako cha kizimba. Miligramu 5 kwa lita na kuendelea, endelea na kazi. Kati ya 3 na 5, punguza chakula nusu na usilishe kabla ya saa nne. Chini ya 3, usilishe kabisa. Kosa kubwa ni kudhani samaki aliye juu ana njaa. Chakula unachomtupia kinamfanya atumie oksijeni zaidi kukisaga, na kile asichokula kinaoza chini na kula iliyobaki.

Maandalizi yenyewe ni ya mwezi wa tano, kabla upepo haujakaza. Vuna wakubwa ili msongamano upungue. Sugua nyavu zilizoota mwani, maana tundu likiziba maji hayapiti. Hakikisha kati ya kitako cha kizimba na tope kuna angalau mita 3 au 4. Kizimba kinachokaribia chini kinakaa kwenye kinyesi chake. Kagua kamba za nanga pale zinapogusana na pingili za chuma au mwamba, kwa sababu hukatika hapo, hazikatiki katikati. Na ghubani, siku upepo ukilala ghafla baada ya wiki ya kuvuma, angalia mwani wa kijani unaojikusanya pembeni. Usiku hula hewa kama mifugo.

Mambo ya nchi kavu ni mepesi. Bustani ya ufukoni inapoteza kama lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo tuta la mita 10 kwa 1 linataka ndoo mbili na nusu za lita 20. Mwagilia asubuhi; ukimwagilia jioni unaongezea umande, na nyanya zinapata baka jani. Zikiwa kavu mno na vumbi, utitiri mwekundu unaingia chini ya majani. Zege likimwagwa kipindi hiki lifunikwe magunia na lilowekwe siku saba, upepo unalipasua kabla halijashika. Nyumba za mgongoni mwa kilima, pigilia bati misumari ya karibu zaidi kwenye kingo na kofia, maana upepo unaanza kunyanyua hapo. Mawe juu ya bati si dawa, yanatafuta kichwa.

Anayehusisha kipupwe cha Mwanza na El Niño, lile joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, anawahi mno. Mkono wa El Niño huonekana kwenye mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na vuli ina taarifa yake ya TMA. Huku Ziwani dalili ya vuli huanza kabla, Agosti ikielekea mwisho: upepo wa alfajiri unalegea, na usiku unaona radi zikimulika mbali upande wa visiwa. Kuanzia hapo hatari inabadilika, inakuwa dhoruba inayozaliwa majini baada ya saa sita usiku, na utabiri wa saa 24 unausoma jioni kabla ya kusukuma mtumbwi.