Kioo cha kompyuta kinachozimika kwa sekunde moja: uzoefu wangu wa kutafuta chanzo nikiwa Kigoma

Kompyuta mpakato ninayotumia kutunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi ilianza kuzimika kioo kwa muda usiozidi sekunde moja au mbili, kisha kioo kikawaka chenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Kompyuta yenyewe haikuwa ikizimika, kwani feni iliendelea kuvuma, sauti ya redio niliyokuwa nikiisikiliza kwa intaneti haikukatika, na tarakimu nilizoendelea kuandika gizani nilizikuta zimeingia kwenye jedwali bila kupungua. Jambo hilo la mwisho ndilo nililolishika, maana lilionyesha kwamba prosesa, kumbukumbu na diski vilikuwa vikifanya kazi, na kwamba hitilafu ilipaswa kutafutwa kwenye njia inayopeleka picha kiooni au kwenye kioo chenyewe.

Fundi mmoja wa Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, aliitazama kwa muda mfupi akaniambia, "Dada, hiki kioo kimeshachoka. Tukiagize kutoka Dar es Salaam kabla hakijakata moja kwa moja." Sikumbishia, kwa kuwa shaka yake ilikuwa na msingi. Picha hufika kiooni kwa waya mwembamba unaopita kwenye bawaba, na waya huo hujikunja kila kifuniko kinapofunguliwa na kufungwa, hivyo baada ya miaka kadhaa huweza kuchanika nyuzi chache au kulegea kwenye kiungio chake. Hata hivyo, waya wa namna hiyo hujitaja wenyewe mtu anapogusa kifuniko. Nilikisogeza polepole kutoka karibu kufungwa hadi mwisho wa bawaba, nikabonyeza pembe za fremu moja baada ya nyingine, na picha haikutikisika. Kinyume chake, kioo kilikuwa kikizimika wakati kompyuta imewekwa mezani na hakuna mkono ulioigusa. Niliona si busara kulipia kioo kabla ya kupata sababu inayoeleza tofauti hiyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, na kupanga televisheni iwe ukurasa wa pili wa kazi badala ya kuwa nakala ya kioo cha kwanza. Kioo kilipozimika tena, televisheni iliendelea kuonyesha picha. Kama kadi ya picha au draiva yake, yaani programu inayoiendesha, ingekuwa inakwama, nilitarajia vyote viwili vizimike pamoja. Nilithibitisha hilo kwenye daftari la matukio la Windows, ambalo hufunguliwa kwa kuandika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa kawaida Windows huisubiri kadi ya picha kwa sekunde 2, na ikiona haijibu huiwasha upya draiva yake na kuandika tukio namba 4101. Nilipitia orodha yote ya siku zilizokuwa na tatizo na sikuliona tukio hilo. Nilifikiria pia sumaku, ila sikukaa nayo sana: kompyuta nyingi zina kihisi kinachotambua kifuniko kimefungwa kwa msaada wa sumaku ndogo, na simu yenye mkoba wa sumaku ikilazwa karibu na kibodi huweza kukidanganya, lakini simu yangu haina mkoba wa aina hiyo.

Kilichobaki kujua ni kama giza lile lilikuwa la taa ya nyuma ya kioo peke yake au la picha nzima. Taa ya nyuma ikikatika huku picha ipo, ukimulika kwa tochi utaona maandishi hafifu yakielea ndani ya weusi. Nilimkabidhi mtoto wa dada yangu tochi ya simu, nikamwomba aishike kwa pembeni karibu kabisa na kioo na asiondoe macho. Alivumilia kuliko nilivyodhani. Giza lilipokuja alisema, "Mama mdogo, hakuna kitu kabisa, hata mstari." Kwa hiyo picha nayo ilikuwa ikiondoka, si mwanga tu.

Baada ya hapo niliacha kuchunguza kompyuta nikaanza kuchunguza saa. Kila kioo kilipozimika niliandika muda kwenye daftari, pamoja na chochote nilichokuwa nikikisikia au kukiona chumbani. Mpangilio ulijitokeza mapema kuliko nilivyotegemea: giza halikuja moja moja, lilikuja mawili mawili. La kwanza lilitokea wakati wowote, na la pili lililifuata baada ya muda uleule, kama dakika tatu hivi. Hitilafu ya waya uliolegea haina saa. Kitu kinachohesabu dakika tatu bila kukosea lazima kiwe kifaa kilichotengenezwa kuhesabu.

Kifaa hicho kilikuwa nyuma ya friji. Chaja yangu ilichomekwa kwenye ekstensheni, na ekstensheni yenyewe ilichomekwa kwenye kilinda friji, kile kisanduku cheupe ambacho nyumba nyingi za Kigoma zimekizoea tangu mji ulipokuwa ukitegemea jenereta za dizeli, kabla ya umeme wa gridi ya taifa kufika. Kazi yake ni kukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiwango, na kutourudisha hadi upite muda wa kusubiri, ili kompresa ya friji isilazimishwe kuwaka kabla haijatulia. Nyuma ya ukuta wetu kuna fundi wa kuchomelea mageti, na mashine yake inapoanza kufanya kazi umeme wa nyumbani hupungua nguvu. Taa za chumbani hufifia kidogo tu na panga boi huendelea kuzunguka, ndiyo maana hakuna mtu aliyesema kwamba umeme umekatika. Kilinda friji peke yake ndicho kilichokuwa kikikata. Nilipokaa karibu nacho nikasikia "tak" ndogo, taa yake ikaacha kijani, na papo hapo kioo mezani kikawa cheusi. Baada ya kusubiri kwake ikasikika "tak" ya pili, kijani kikarudi, na kioo kikazimika tena.

Hapo jaribio likawa jepesi. Nilichomoa chaja kwa mkono, kioo kikazimika na kurudi. Nikaichomeka, ikawa vilevile. Betri ilikuwa imejaa, kwa hiyo halikuwa suala la nguvu kupungua. Nilifungua mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya maelezo ya kina ya kioo, nikasoma idadi ya mara ambazo picha huchorwa upya kwa sekunde: chaja ikiwa imechomekwa ilikuwa Hz 60, na ikichomolewa ilishuka hadi Hz 48. Programu ya kadi ya picha ilikuwa imewekwa ipunguze kasi hiyo kila kompyuta inapohamia kwenye betri, ili kuokoa chaji. Kwenye baadhi ya vioo badiliko hilo hupita bila kuonekana, lakini kwenye vingine kompyuta hulazimika kukata mawasiliano na kioo na kuyaanzisha upya kwa kasi mpya, na kwa muda huo mfupi hakuna picha wala mwanga. Televisheni haikuguswa kwa sababu kasi yake haikuwa ikibadilishwa.

Nilizima chaguo hilo kwenye sehemu ya umeme ya programu hiyo, kioo kikabaki Hz 60 wakati wote, na tangu hapo fundi wa mageti anaweza kuchomelea atakavyo. Chaji inaisha mapema kidogo, kiasi ambacho mimi sikioni kuwa hasara. Kuna waliopendekeza niitoe chaja kwenye kilinda friji, jambo ambalo nimelikataa: umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika kwa kweli, ni heri kompyuta iwe imetenganishwa nao, na betri inaziba dakika zile tatu bila taabu. Anayetaka kufuata njia hii akumbuke tu kwamba draiva ya kadi ya picha ikisasishwa, chaguo lile huweza kujirudisha lenyewe. Kwangu limeshawahi kujirudisha, na nililitambua kwa ile "tak" iliyofuatwa na giza.

Yule fundi wa Mwanga nilimweleza yote haya nilipopeleka kibodi kusafishwa. Alichomoa na kuchomeka chaja ya kompyuta ya mteja mwingine iliyokuwa mezani kwake ikisubiri kioo, tukatazama pamoja, picha haikutikisika. Kisha akasogeza kifuniko chake kidogo, kioo kikazimika palepale. Hiyo akaifungua bawaba.