Mama aliyebonyeza matangazo

Jana mpwa wangu, ambaye siku hizi anajifunza kutengeneza tovuti, aliniuliza: "Mjomba, mbona usiwaandikie tu chini ya makala, jamani tubonyezeeni matangazo? Wasomaji wako wanakupenda." Nikamwambia hairuhusiwi. Lakini swali lake lilinirudisha kwa mama yule.

Ilikuwa 2018, tukiwa bado kwenye tovuti ya zamani. Mwaka huo ulikuwa wa hekaheka. Sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi ilianza kutumika tarehe 25 Mei, tukahangaika kuweka kidirisha cha kuwaomba wasomaji walioko huko idhini ya vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa cha msomaji ili kumtambua. Faili la ads.txt, linalotaja nani ana haki ya kuuza nafasi zetu za matangazo, tukaliweka. Tangazo lililogusana na kitufe cha ukurasa unaofuata tukalisogeza, mtu asije akalibonyeza bila kukusudia.

Kisha ripoti ya matangazo ikabadilika. Kwa kawaida, wakisoma watu mia akabonyeza mmoja, tulikuwa tunashukuru. Sasa mibofyo ikawa inamiminika kila alfajiri, kwenye kurasa chache zilezile. Mwenzangu alifurahi. Mimi niliingiwa na hofu, maana mtangazaji hulipa kwa mbofyo, na mibofyo isiyotoka kwa mtu mwenye haja na tangazo huhesabiwa batili, awe amebonyeza mwenye tovuti, rafiki yake au mashine. Akaunti hufungwa kwa jambo hilo. Tukatoa taarifa wenyewe kwa mtandao wa matangazo, yaani kampuni inayotuletea matangazo na kutulipa.

Kabla hatujajibiwa, ikaingia barua pepe. "Mwanangu, hongereni kwa kazi. Sina uwezo wa kuwachangia, basi kila nikimaliza kusali nafungua kurasa zenu, nabonyeza matangazo yote, kisha narudia. Msikate tamaa."

Niliisoma barua ile mara nyingi. Mtu mzima anaamka gizani, anakuombea, halafu anakaa kukutafutia riziki kwa kidole chake! Nikaanza: "Shikamoo mama. Tafadhali acha kubonyeza." Nikafuta, lilikuwa karipio. Nikaandika maelezo marefu ya kanuni, nayo nikayafuta. Sikuona ni vipi upendo wa mzee ujibiwe kwa vifungu vya sera. Mwishowe nikamweleza habari za mtu ambaye yeye hamwoni: yule aliyelipa ili bidhaa yake ionekane, pengine mfanyabiashara mdogo tu, na kwamba kila tangazo linapobonyezwa na asiye na haja nalo, fedha ya mtu huyo huenda ikapotea bure. Nikamshukuru sana. Nikamwomba asome tu, na makala ikimpendeza amtumie mwenzake.

Alijibu siku ileile: "Sikujua kuna mtu anaumia. Nisamehe, mwanangu."

Mibofyo ikakoma. Mapato ya mibofyo hiyo yakakatwa, kama ilivyopaswa, na akaunti haikuguswa. Mwenzangu akaona yamekwisha. Mimi kanuni ile naitetea hadi leo, na mpwa wangu nitamfundisha hivyohivyo, kwa sababu pasipo kanuni hiyo hakuna mtangazaji ambaye angetuamini. Ila mama yule hakuwa na kosa la kuombea msamaha, na bado sijui ningemwandikiaje ili asiombe.